Nilivyomtangulia Adelard

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Tumemaliza! Uthibitisho umesimama. Miaka miwili tumehangaika na mianya kati ya namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Kadiri unavyokwenda mbali ndivyo zinavyoachana, na hakuna ajuaye kwa hakika zinaweza kuachana kiasi gani. Sisi tumeushusha kidogo ule ukomo wa mianya hiyo uliokuwa ukijulikana. Kidogo sana. Mama aliuliza kwa simu kidogo kiasi gani, nikamwambia hata kwa darubini huoni tofauti. Akasema hongera, mwanangu.

Lema ya nne, yaani hatua ya nne ya uthibitisho, ni yangu. Miezi minane! Adelard Buberwa, ninayechangia naye ofisi, kazi yake ilikuwa kukagua tu. Chuoni kuna nafasi moja ya uhadhiri, tunaiwania mimi na yeye, na kamati inakaa tarehe 19. Mkataba wangu unaisha Desemba. Kwa mwongozo wa chuo, jina la kwanza kwenye makala hupata alama zote, mengine nusu. Nani mwingine awe wa kwanza?

Jumanne, 2 Septemba
Msiba. Dkt. Eufrazia Mlay, kiongozi wetu, kasema majina yatafuata alfabeti, kama ilivyo desturi ya wanahisabati. Buberwa, Mlay, Zongo. Mimi ndiye Zongo! Nikapendekeza tupange kwa jasho. Akanijibu kwamba sisi hatupimi jasho, na anayetaka kupimiwa atafute watu wengine wa kuandika nao. Adelard alikuwa anakula andazi. Alitafuna polepole, nahisi kwa makusudi.

Jumatano, 3 Septemba
Nimepata! Jina langu kamili ni Khalfani Abeid Zongo. Abeid ni baba, Zongo ni babu. Nani kasema babu lazima akae mwisho? Nikiwageuza nakuwa Khalfani Zongo Abeid. Abeid, kisha Buberwa! Akili ni mali.

Alhamisi, 4 Septemba
Nimekwenda kwa Wakili Gervas, hapa Manzese, juu ya duka la magodoro, kula kiapo cha kubadili jina. Akauliza namkimbia mke au polisi. Nikasema naikimbia alfabeti. Akagonga muhuri kwa huruma.

Nikapitia Buguruni kumwarifu mama kabla hajasikia kwa watu. Aliacha kuchambua mchele.
"Khalfani, babu yako kakukosea nini?"
Nikamweleza habari za Buberwa. Akauliza kama huyo Buberwa ndiye aliyenilipia ada ya sekondari kwa samaki wa Kimbiji. Niliona aibu, aibu ya kweli. Ilinitoka nilipofika Manzese.

Jumatatu, 8 Septemba
Makala imepanda mtandaoni, pale wanahisabati wanapoweka kazi zao kabla jarida halijazikubali. Abeid, Buberwa, Mlay. Nimeisoma mara kumi, mstari wa majina tu. Dkt. Eufrazia alipoona kiapo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema jina ni la mtu mwenyewe. Adelard aliuliza huyu Abeid ni nani. Nilipomwambia alicheka hadi akashika meza, halafu akanipa mkono na kunipongeza. Hakuumia hata chembe! Kaniharibia siku.

Ijumaa, 12 Septemba
Barua pepe kutoka kwa profesa wa Ulaya. Kamwandikia Abeid, maana ndiye wa kwanza. Kwa adabu zote anauliza: katika lema ya nne, una hakika hugawi kwa sifuri?

Nimeangalia. Nagawa kwa sifuri. Kosa ninalowafokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza, nami nimelilea miezi minane. Nilitamani kumwambia Dkt. Eufrazia kwamba huyo Abeid simfahamu, mie ni Zongo.

Adelard akachukua karatasi, akaitenga ile hali ya sifuri, akaithibitisha peke yake kwa mistari sita. Chai ya saa nne ilikuwa haijaletwa. Nikamwambia si mbaya.

Jumatatu, 15 Septemba
Vaileth wa masijala kaniita. Makala yangu ya mwaka 2022 kaiondoa kwenye faili, kwa sababu ni ya mtu anayeitwa Zongo. Nikamwambia huyo ni mimi. Akataka uthibitisho. Nimempa nakala ya kiapo, naye kaniambia makala itarudishwa baada ya wiki tatu. Kamati inakaa baada ya siku nne! Hata hivyo, mimi ni wa kwanza.

Ijumaa, 19 Septemba
Adelard kapata nafasi.

Mwenyekiti wa kamati safari hii ni Profesa Tupokigwe, daktari wa watoto. Nikampa shikamoo, nikamuuliza imekuwaje wakati jina langu lilitangulia. Alinijibu kwa upole kabisa. Wamesoma barua ya Dkt. Eufrazia, inayoeleza nani alitoboa tundu na nani aliliziba. Basi. Alama za majina hawakufika hata kuzijumlisha. Kisha, akifunga mkoba, akaongeza:
"Halafu kwetu sisi madaktari, mkubwa wa kazi huandikwa mwisho. Wa kwanza ni kijana aliyekuwa akihangaika maabara."

Mwisho! Mkubwa huandikwa mwisho! Nilikuwa mwisho, kwa haki ya kuzaliwa, nikajitoa mwenyewe kwa muhuri wa wakili. Nimekaa kwenye ngazi za chuo hadi mlinzi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo.

Jumamosi, 20 Septemba
Saa mbili asubuhi nilikuwa kwa Gervas. Alichukua muhuri kabla sijaketi. Kuna chuo kingine kinatafuta mhadhiri mwezi Machi, na nimechunguza: mwenyekiti wa kamati yao ni daktari wa meno. Naitwa Zongo tena. Mama kapika pilau na kuita majirani, kwa furaha kwamba nimemrudia babu. Nimekula sahani tatu na sikumsahihisha.