Matokeo: Sifuri

JUMATATU, 9 Juni 2025. Magomeni, Kilosa
Bosi wetu, Mama Editha, ametangaza ofisini: Ijumaa anapeleka Mikumi programu ya kupanga magari ya watalii ya hoteli moja. Tumeandika mbili kwa Java, lugha ya kompyuta, mimi yangu na Bernadetha yake. Mwenye programu ya kasi zaidi anabaki kazini. Mwingine, mkataba wake unaisha mwezi huu. Bernadetha ni fundi kweli. Inaniuma, lakini ndivyo.

JUMANNE, 10 Juni
Nimemdodosa Bernadetha. Eti Java huanza polepole. Kompaila, ile inayoitafsiria kompyuta tulichoandika, huchungulia kwanza kazi gani inarudiwarudiwa, kisha huiandika upya iwe nyepesi. Ndiyo maana huendesha programu mara elfu ishirini kabla ya kuipima, ipate moto. Kama chapati, ya kwanza haihesabiwi. Mpango: kesho nijitolee kusimamia jaribio. Yake niipime ikiwa baridi, yangu ikiwa moto.

JUMATANO, 11 Juni
Bernadetha kaniwahi. Kazipasha moto zote mbili, na yangu kwa uangalifu uleule. Yake: milisekunde 40. Yangu: 310. Kesho jaribio la mwisho.

ALHAMISI, 12 Juni
Nimepata! Mstari wa programu yangu unaotoa majibu kwenye skrini ndio unaochelewesha. Nikaufuta. Matokeo: sifuri. Mama Editha akanipa mkono. Bernadetha akauliza kwa upole majibu yanakwenda wapi. Nikasema yanabaki ndani. Akaurudisha mstari. 310. Akaeleza kwamba kompaila iliona jibu halitumiwi popote, ikafuta kazi nzima. Mimi nina miaka miwili ofisini na hakuna aliyenigundua. Kompaila hiyo naivulia kofia.

Mama Editha akasema, Lupakisyo, funga virago. Bernadetha akaniombea: anayejua kulidanganya jaribio hivi ndiye wa kulilinda. Nimebaki, mpimaji, ripoti kila wiki. Nilikaribia kulia. Dada yule ana moyo.

IJUMAA, 13 Juni. Mikumi
Programu ya Bernadetha imepanga magari yote kabla meneja hajaitikia shikamoo yangu. Nikapiga makofi peke yangu. Njiani nimemuuliza Mama Editha nani atasoma ripoti zangu. Kasema zitakaa kabatini.

Basi. Jibu lisilotumiwa na mtu, kazi yake inafutwa. Nimeshatia sahihi ripoti za wiki nne zijazo. Ndani hamna kitu.