Shemeji Amekalia Kiti Changu

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Mkuu wa maabara ametangaza kwamba Ijumaa tunavunja ile boriti ya zege, na atakayesimamia kunasa data ni shemeji. Si mimi. Shemeji. Mdogo wake mke wangu, aliyeajiriwa juzi, anayelala sebuleni kwangu na kujifutia taulo langu.

Boriti ni ya mwanafunzi wa uzamivu tunayemwita Dokta Mtarajiwa. Aliimwaga mwenyewe, akaimwagilia maji kama mtu anayelea mche, akaibandika vihisi ubavuni mwote. Inavunjwa mara moja tu. Kile kisanduku cheusi kisiponasa namba wakati inapasuka, shahada yake inabaki kifusi.

Na kisanduku nakijua mimi. Nyaya zote za vihisi nilizichomelea mimi. Shemeji alikuja akazikuta.

Nyumbani mke wangu kampakulia mdogo wake kwanza. Nilikohoa. Akaniuliza kama nina mafua.

Jumanne, 4 Machi

Mpango mzuri, mwepesi, usio na madhara. Niliwahi kazini, nikafungua programu ya kisanduku na kukibadilisha jina. Programu ya kupimia inatafuta "Kifaa 1". Sasa kinaitwa "Kifaa 7". Shemeji angebofya kitufe cha kuanza, kompyuta ingesema kifaa hakipo, angetoka jasho hadi saa ya chai. Hapo ningepita kwa bahati, kikombe mkononi, na kukitengeneza nikiwa nimesimama.

Nilikuwa sijamaliza hata kutia sukari. Shemeji alisoma ujumbe, akafungua orodha ya vifaa, akaona jina, akalirudisha. Kisha akamwambia mkuu kwamba bila shaka kuna mtu alikuwa anapanga vifaa vizuri, na kwamba hilo ni jambo la kupongezwa. Mkuu akampongeza yeye.

Mama mkwe kapiga simu jioni. Aliongea na mwanawe wa kiume muda mrefu. Mimi nilisalimiwa kupitia kwa mke wangu.

Jumatano, 5 Machi

Nimeharibu. Naandika nikiwa chooni, mahali pekee katika nyumba hii ambapo shemeji hayupo.

Mpango wa leo ulikuwa kulegeza waya wa ardhi. Waya ule ukilegea, mistari kwenye skrini inaanza kutetemeka kama mwenye homa, na mtu asiye mzoefu atahangaika na programu siku nzima. Wenzangu walipokwenda kula, nikafungua kifuniko. Sikuzima umeme. Kuzima kungeonekana kwenye kompyuta, na mimi si mjinga.

Waya ulipoanza kulegea, bisibisi iliteleza. Ikagusa pasipotakiwa. Nikasikia "ti", basi. Taa ya kijani ikazimika.

Nilirudisha kifuniko na kwenda kula.

Alasiri shemeji alibonyeza kitufe. Kompyuta ikasema haioni kifaa chochote. Akaangalia orodha ya vifaa. Haikuwa na kitu. Akanigeukia na kuniuliza kwa heshima kabisa, mbele za watu, kama nimewahi kuona hali hii. Nilisema programu za siku hizi hazitabiriki.

Alhamisi, 6 Machi

Siku nzima wamepigana na programu, kwa sababu mzee mmoja wa maabara alisema matatizo ya namna hii huwa ya programu. Mzee huyo ni mimi.

Wakabadilisha kebo. Wakajaribu tundu jingine la kompyuta, kisha kompyuta nyingine. Wakafuta programu na kuiweka upya. Shemeji akamwambia mkuu kwamba dereva hapatikani, akimaanisha ile programu ndogo inayounganisha kisanduku na kompyuta. Mlinzi alikuwa mlangoni. Akasema dereva amekwenda kujaza mafuta, anarudi sasa hivi. Wote walicheka. Mimi nilishindwa.

Nilimshauri mkuu tuahirishe. Akasema mashine ya kuvunjia imeombwa na idara nyingine kuanzia Jumatatu, na wao wanaing'ang'ania hadi mwisho wa muhula. Ni kesho au basi.

Dokta Mtarajiwa hakulia. Ningependa angelia. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na boriti yake, akaanza kuvikagua vihisi kimoja kimoja, vile ambavyo havikuwa na shida yoyote. Nilimpelekea chai, yangu mkononi. Akasema, "Asante, kaka. Wewe ndiye umeniwekea nyaya zote hizi vizuri." Nikarudi na chai yangu bila kuinywa.

Ningesema tu wafungue kisanduku. Lakini nikisema, wataniuliza nimejuaje.

Kwa hiyo mezani, wakati wa chakula cha jioni, nilianza kusimulia mambo ya zamani. Nilisema enzi zetu, kifaa kikizima taa tulikuwa hatuigusi kompyuta kwanza. Tulifungua kifuniko tukaangalia fyuzi. Nilisema hivyo nikitazama bakuli la mchuzi, kwa sauti ya mtu anayekumbuka ujana wake.

Shemeji aliacha kutafuna. Akaniambia, "Shemeji, taa. Hatukuangalia taa." Akanawa mikono, akampigia simu mkuu aombe afunguliwe mlango alfajiri.

Mke wangu alimtazama mdogo wake akitoka kwenda kuandaa vifaa. Akasema mtoto yule ana akili tangu utotoni.

Ijumaa, 7 Machi

Ilikuwa fyuzi. Shemeji alichomoa nyingine kwenye kipimo kibovu cha stoo, ya ukubwa uleule, akaiweka. Taa ya kijani ikawaka. Nilipofika kazini walikuwa wanapeana mikono. Hakuna aliyenipa mkono, maana nilikuwa nimeshika ufagio.

Wakavunja boriti mchana. Mkuu aliniweka mlangoni nizuie watu wasiingie. Kutoka pale niliona skrini kwa pembeni. Mistari yote ilipanda pamoja, laini, bila kutetemeka hata kidogo. Zege likaanza kulia ndani kwa ndani. Halafu mstari mmoja ukaruka, ukafuatwa na mwingine, na boriti ikapasuka katikati kwa kishindo kilichotikisa madirisha. Kila kitu kikanaswa. Kwa kitambo nilisahau kila mtu. Nyaya zangu zile. Hakuna hata moja iliyokatika.

Kisha shemeji akasimama mbele ya skrini, sikuona tena.

Dokta Mtarajiwa ndipo akalia, akamshukuru shemeji. Shemeji akasema wazo la fyuzi lilikuwa langu. Mkuu akasema unyenyekevu wa kijana huyu ni wa ajabu.

Nikapewa kazi ya kuzoa kifusi.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi shemeji kanifuata nyuma ya nyumba nikianika nguo. Alinishikia ndoo ya vibanio.

"Shemeji," akasema, "nilipofungua kifuniko nilikuta waya wa ardhi umelegezwa, nikaukaza. Haukulegea wenyewe."

Nilianika soksi.

Akasema amemwandikia mkuu kwamba fyuzi ilikuwa imechakaa. Hajamwambia dada yake, na hatamwambia. Alichonisihi ni kwamba nikiwa na neno naye nimwambie ana kwa ana, kwa sababu safari hii nusura mtu mwingine kabisa aumie. Akaongeza kwamba amemwomba mkuu boriti itakayovunjwa muhula ujao nisimamie mimi, na yeye awe msaidizi wangu. Mkuu amekubali.

Nilimshukuru.

Nimelifikiria jambo hili mchana kutwa na sasa nimemwelewa. Mjanja huyu. Anataka nionekane mdogo kwa wema wake. Anajua mtu akisamehewa hana la kusema.

Jumatatu, 10 Machi

Msimamizi wa data ni mimi. Mkuu ametangaza mbele ya wote. Kiti nimekirudia, nimekishusha kifike urefu wangu.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kubadilisha nywila ya kompyuta, ili shemeji asije akaingia na kunitengenezea jambo. Nimeweka ngumu sana, ndefu, herufi kubwa na ndogo zimechanganywa. Sikuiandika popote. Wanaoandika ndio huibiwa.

Baada ya chai haikukubali. Nilijaribu kila namna niliyokumbuka na kadhaa nilizobuni. Kompyuta ikajifunga kabisa. Ndani yake kuna data zote za Ijumaa, na Dokta Mtarajiwa alikuwa mlangoni na kidiski chake, amekuja kuzinakili.

Nilimwita mkuu. Nikamweleza kwa masikitiko kwamba kuna mtu ameichezea kompyuta hii. Akauliza ni nani. Mimi si mtu wa kusema watu. Nilitazama tu upande wa meza ya shemeji, nikatazama kwa muda wa kutosha, naye alikuwa tayari ameinuka kuja kunisaidia.