Soprano Wangu wa Ahero

Jumatatu, 2 Juni 2025

Opera yangu ya kidijitali imekamilika. Amebaki mwimbaji tu, kasoro ndogo! Byron, kiongozi wa kwaya ya kanisa, amekataa kuniazima hata soprano mmoja, mwimbaji wa sauti ya juu. Eti opera ya kompyuta ni kelele za jenereta. Onyesho ni Jumamosi, na aliyethibitisha kuja ni mimi. Mara iliyopita niliimbia viti. Viti havipigi makofi. Safari hii nataka watu, hata wawili.

Jumanne, 3 Juni

Nimempigia Shangazi Seline kule Ahero. Huyo akilia matangani, hata maadui wa marehemu hutoa machozi. Nimemwomba aimbe. Amesema koo lake ni la kulilia watu wake, si la kuchezea. Haya basi. Bahati nzuri nilimrekodi kwenye mazishi ya babu, na programu yangu mpya humeza sauti ya mtu ikaitoa ikiimba chochote. Ruhusa nitaomba akishaanza kujivunia.

Alhamisi, 5 Juni

Majaribio nyumbani, hapa mtaani Mamboleo. Spika kubwa, dirisha wazi, majirani nao waonje utamaduni. Sauti ya Shangazi wa kompyuta ikapanda juu, yawa! Nikaingia bafuni na simu kurekodi mwangwi.

Kuchungulia nje, uani pamejaa! Vijana wanafunga turubai. Mama Shantel, jirani, kabeba sufuria ya chai. Anawaambia watu kwamba sauti ile ndiyo iliyomlilia mumewe, na Seline hawezi kulia nyumbani kwangu bure. Kwa hiyo nimekufa.

Ningetoka, naapa. Lakini Byron alikuwa ameanza hotuba. Alisema marehemu alikuwa na kipaji kikubwa, na kwamba yeye alimwonea wivu. Akalia! Hotuba tamu, nikasahau nikapiga makofi. Watu wakageuka, wakaniona mzima dirishani. Mama Shantel akarudi kwake na chai yake.

Ijumaa, 6 Juni

Shangazi amefika asubuhi, macho yamevimba. Mtu alimpigia simu kwamba nimekufa. Alinishika uso kwa mikono miwili, akamshukuru Mungu. Kisha akauliza ni nani aliyetumia koo lake kumlilia mtoto aliye hai. Nikamweleza programu.  Akasema machozi ya kunililia ameyamaliza njiani. Nikifa kweli, mashine inililie. Akaondoka bila kunywa hata maji. Niliona aibu, na iliniuma.

Jumamosi, 7 Juni

Onyesho limepita: viti na mimi. Watu wangu hawapendi sanaa, wanapenda matanga tu.

Jioni nikakumbuka simu ya bafuni. Kumbe iliendelea kurekodi! Nina kilio cha mtaa mzima, na Byron akilia kwa sauti nzito safi kabisa. Nimeshamwingiza kwenye programu. Majaribio ni Jumatatu, dirisha wazi. Ruhusa nitaomba akishaanza kujivunia.