Sweta ya Mafundo Mawili

Jumatatu, 7 Julai

Zimebaki siku sita. Jumapili mama mkwe anakuja kupiga picha na waume wa binti zake wawili: mimi, na mwanyumba wangu, yule mwalimu wa udereva aliyemuoa dada wa mke wangu. Lazima wote tuwe tumevaa sweta alizotufumia kwa mkono wake. Kesho yake anafanyiwa operesheni ya macho. Ukungu umemtanda mwaka wa pili sasa. Ameshasema hizi ndizo sweta zake za mwisho, na kwamba kabla hajafungwa bandeji anataka atuone tumezivaa.

Jambo la heshima. Nimelikubali kwa moyo mmoja. Tatizo ni kwamba sweta yangu inauma.

Sisemi inawasha kidogo. Inauma! Sufu ngumu, kama kondoo mwenyewe hakuridhia. Leo asubuhi nimeivaa dakika nne kwa saa ya ukutani, shingo yote imejaa vipele. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi kinachonila ni nguo yenyewe.

Halafu kuna kosa langu dogo. Wiki iliyopita mama mkwe alipiga simu kuuliza sweta inaendeleaje. Mwanyumba alikuwa ameshamwambia anaivaa kila siku. Ningefanyaje? Nikasema nami naivaa kila siku, ofisini na nyumbani, ni laini kama pamba. Nikaongeza kwamba hata kulala nalala nayo. Mke wangu alikuwa amesimama pale pale, akinitazama kama mtu anayetazama maziwa yakikaribia kufurika.

Jioni akanipa ushauri. Sufu huloweshwa kwenye maji baridi, kifuniko kimoja tu cha siki, nusu saa. Usiikamue. Ikunje ndani ya taulo, uianike ikiwa imelazwa. Basi.

Nikamshukuru. Ushauri mzuri kwa mtu mwenye mwezi mzima. Mimi nina siku sita, kifuniko kimoja kitanifikisha wapi? Kesho chupa nzima.

Jumanne, 8 Julai

Chupa nzima imeingia. Nimelowesha tangu alfajiri, nimekamua mpaka mishipa imenitoka, nimepiga pasi, nimeivaa ikiwa bado na unyevu na kwenda nayo kazini. Majaribio ya kweli hufanyiwa kazini.

Masjala yetu ni chumba kimoja chembamba, faili zimepanda hadi darini, na dirisha lenyewe halifunguki. Kabla ya saa nne mkuu wa masjala ameuliza ni nani kaleta saladi. Droo zote zimekaguliwa. Nami nimesaidia kukagua, tena kwa ukali kuliko wengine.

Kuhusu siki kuingia kwenye vipele nilivyojikuna jana, sitaki kuandika.

Nikirudi nyumbani nimemwona mwanyumba kwenye taa za barabarani, kakaa kando ya mwanafunzi wake kwenye gari la mafunzo. Ndani ya sweta! Ametulia tuli. Nikasogea dirishani kumuuliza haimwashi. Akajibu kwamba wala haisikii, na kwamba ngozi ya mtu hutegemea malezi. Taa ikawa ya kijani, mwanafunzi akazima gari, wakakwama pale dakika mbili huku wa nyuma wakipiga honi. Nilimkodolea macho muda wote. Hakujikuna hata mara moja.

Ana siri. Yake ni laini na yangu sio. Sikubali.

Jumatano, 9 Julai

Friza. Karani mwenzangu anasema baridi huvunja nywele ngumu za sufu. Nimeiweka asubuhi, nimeitoa jioni. Imetoka imekauka kama ubao. Nimeisimamisha juu ya meza ya chakula, ikasimama yenyewe, mikono imetandazwa kama mgeni anayesubiri kukumbatiwa. Mke wangu kaingia na sufuria, kaiona, kageuka na sufuria yake.

Ilipoyeyuka ikawa inanuka siki na samaki. Kuuma, palepale.

Lakini nikiwa nimekaa namtazama mke wangu anavyochana nywele, akili ikafunguka. Sufu ni nini? Ni nywele za kondoo. Na nywele ngumu hufanywa nini? Huwekwa dawa! Mke wangu huenda kwa msusi na kichwa kinachovunja vitana, hurudi nywele zimelala chini kwa adabu. Mbona hakuna aliyewahi kufikiria hili? Penye nia pana njia. Mimi nia ninayo ya kugawia na wengine.

Alhamisi, 10 Julai

Nimeomba ruhusa ya kwenda kwa daktari. Nimekwenda kwa msusi.

Nilimwambia nataka dawa ya kunyoosha. Akatazama kichwa changu, ambacho hakina cha kunyooshwa. Nikatoa sweta. Akauliza kama kondoo mwenyewe yuko nje amsuke kabisa. Wateja wawili wakacheka chini ya mashine za kukaushia. Sikujali. Wenye fikra mpya huchekwa.

Alikataa kuipaka yeye. Alinipa kopo na beseni la nyuma, akanionya kwamba kichwani ni dakika kumi na tano, zaidi ya hapo dawa inakula. Mimi si mtu wa pupa. Nilipaka mkono wa kushoto peke yake, mwishoni, pale panapokaza kifundo. Ila kwa kuwa kondoo ni mgumu kuliko binadamu, nikaipa saa nzima. Nikasoma magazeti ya zamani.

Niliporudi nikaushika mkono ili niusuuze. Kipande kikabaki kiganjani mwangu. Uji!

Msusi alininyang'anya sweta. Aliisuuza mara nyingi, akailowesha kwenye maji baridi, akatia kifuniko kimoja cha mafuta yake ya kulainisha nywele, akaiacha nusu saa, akaikunja ndani ya taulo bila kuikamua. Sikufuatilia sana. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha kuoshea nywele, nimeshika uji wangu. Akanikabidhi sweta akisema nayo sasa ni laini. Laini itanisaidia nini? Mkono mmoja umeishia njiani.

Ijumaa, 11 Julai

Sweta imelala juu ya kabati, imekauka. Siwezi kuitazama.

Nimeona aibu, na naandika hivyo bila kujificha. Nimemkumbuka mama mkwe alivyokuwa akifuma: kiti kimesogezwa hadi dirishani, uzi ameukaribisha puani, akikosea anafumua na kuanza upya bila kunung'unika. Kwa mwanga uliobaki machoni mwake alinifumia mimi mkono huu. Na mimi nimeuyeyusha kwenye beseni la saluni nikisoma habari za harusi za watu nisiowajua.

Mke wangu akisikia, nimekwisha. Mama mkwe akisikia, ni afadhali mke wangu asikie mara mbili.

Nilihuzunika hivyo kama dakika kumi. Kisha nikapata wazo.

Sweta zetu ni za rangi moja, kijivu, na kipimo kimoja. Mwanyumba anayo iliyo nzima, tena laini. Mimi ninayo yenye kasoro. Mama haoni vizuri. Nani atajua?

Jumamosi, 12 Julai

Nimekwenda kwa mwanyumba kuazima ngazi. Yeye alikuwa kazini. Sweta yake ilikuwa juu ya meza ya kupigia pasi sebuleni, imeshanyooshwa kwa ajili ya kesho. Shemeji alipokwenda stoo kuchukua ngazi, nilitoa yangu mfukoni mwa koti, nikaikunja vizuri, mkono mbovu kwa ndani, nikachukua yake. Hesabu ya tatu nilikuwa nimesimama mlangoni natazama dari. Shemeji akauliza ngazi ni ya nini. Nikasema ni ya kupandia.

Nimeibeba mtaa mzima. Sina pa kupanda.

Nyumbani nimejifungia chumbani, nimevaa sweta ya mwanyumba nikitabasamu. Tabasamu limekaa kama sekunde tano. INAUMA KULIKO ILE YA KWANZA! Hii ndiyo asiyoisikia? Ana ngozi ya aina gani mtu huyu?

Kuirudisha haiwezekani, ameshatoka kazini. Maji yakimwagika hayazoleki. Nitavumilia. Kesho ni picha moja tu. Mwanamume huvumilia picha moja.

Jumapili, 13 Julai

Naandika nikiwa nimepoa.

Mama mkwe alifika saa nne, ameshikwa mkono na mke wangu. Mpiga picha alikuwa ameshapanga viti uani. Mwanyumba alikuja amekunja mikono ya sweta hadi kwenye viwiko, eti joto, na macho yake hayakutulia. Nilimwelewa. Amekuta mkono umeliwa, anadhani ni panya, anaogopa kusema. Mimi nilisimama wima, jasho linanitoka. Mtu hujikuna ajipatapo, lakini mbele ya mama mkwe hajipati popote.

Mama akasema kabla ya picha anataka kutushika, kwa kuwa vidole vyake vinaona kuliko macho. Akaanza na mwanyumba. Akapapasa bega, akasimama, akapapasa tena.

"Hii imekuwa laini kweli," akasema. "Laini kama kitoto cha kondoo."

Mwanyumba akashukuru kwa unyenyekevu. Mimi nikasaga meno. Laini ile ni ya nani?

Akaja kwangu. Akapapasa, akainama akageuza pindo la chini kwa ndani. Vidole vikatembea pale.

"Hii ina fundo moja," akasema. "Fundo moja nilimtia mume wa mkubwa. Wewe nilikutia mawili."

Sikujua kuna mafundo! Nani huweka mafundo? Akarudi kwa mwanyumba, naye akaanza kurudi nyuma, akimwomba mama asijisumbue. Mama akajisumbua. Akageuza pindo, akahesabu mafundo mawili, na chini ya mafundo ikachomoza lesi ya waridi. Mwanyumba alikuwa amevaa shimizi! Shemeji akasema kwa sauti ya chini kwamba ameitafuta tangu Jumanne. Hiyo ndiyo siri. Hiyo ndiyo ngozi yenye malezi.

Watu wakacheka mpaka mpiga picha akaweka kamera chini. Hapo ningenyamaza, mambo yangeishia kwenye shimizi. Lakini ile sifa ya kitoto cha kondoo ilikuwa bado inaniuma, nadhani kuliko sweta.

Nikasema, "Mama, hiyo laini ndiyo yangu. Zimebadilishana tu kwenye kufua."

Mwanyumba akanitazama. Taratibu akakunjua mkono wa kushoto.

"Basi na huu ni wako, mwanyumba," akasema.

Mama akaushika mkono ule, akaufuata kwa vidole hadi pale unapoishia. Akaupapasa ukingo wake mara mbili. Akausogeza puani, akanusa. Mke wangu alikuwa ananitazama. Nilijua ukweli ni maneno machache tu, yalikuwa yameshafika kwenye ulimi.

"Umeivaa mpaka mkono umeisha," mama akasema polepole.

"Kila siku, Mama," nikajibu. "Hata kulala."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Akasema basi hatastaafu. Operesheni au hakuna operesheni, vidole havihitaji macho. Anayo sufu aliyoiweka kando, ya tumbo la kondoo dume mzee, ngumu kiasi kwamba mbwa alitandikiwa akaikataa. Alikuwa hajui ampe nani. Sasa kwa kuwa mimi nina ngozi inayoipenda sufu, atanifumia suruali ya ndani, ndefu, ya kubana.

Si kila mkwe hupewa heshima hii. Mke wangu aliingia jikoni ghafla na akakaa huko muda mrefu. Nilisikia sauti. Nilipokwenda alikuwa ameegemea sinki, anafuta machozi, akasema ni vitunguu. Hapakuwa na vitunguu.

Tukapiga picha. Mama aliagiza kila mtu avae ya kwake. Nilivaa yangu, mkono wa kushoto nyuma ya mgongo. Na hapa naweka kumbukumbu: haikuniuma. Hata kidogo! Mwanyumba yeye, bila shimizi, katika picha anaonekana kama mtu anayekanyaga siafu.

Jumatatu, 14 Julai

Operesheni imekwenda salama. Tumeshukuru sana, na mke wangu amelia kidogo, mimi nikamshika mkono. Mama kafungwa bandeji macho yote mawili. Neno lake la kwanza alipopelekwa kitandani lilikuwa kuulizia kipimo cha mapaja yangu. Sindano za kufumia tayari ziko chini ya mto wake.

Mke wangu amesema bado sijachelewa, nikamwambie ukweli mama yake kabla hajafika magotini. Nikamjibu kwamba mgonjwa hasumbuliwi. Akasema basi, suruali ikifika, maji baridi, kifuniko kimoja, nusu saa. Jioni nikapita kwa msusi, naye akaimba wimbo ule ule, kifuniko kimoja! Sijui hawa wanawake walikutana wapi wakapatana.

Mimi nimekaa chini nikafikiri peke yangu, bila kelele za watu. Sweta ilitoka mbaya, ikawekwa dawa, ikawa laini. Huo ni ushahidi. Kosa lilikuwa moja tu, nalo nimeshaligundua: niliogopa, nikapaka mkono mmoja.

Nimenunua makopo manne. Safari hii napaka suruali nzima.