Ombi la Kurudishiwa Kitambi Changu

Sifael Nanyaro,
Duka la Magodoro,
Kaloleni, Arusha.

Kwa Dokta Naipanoi,
Kliniki ya Sukari na Presha,
Usa River.

YAH: KURUDISHIWA KITAMBI KABLA YA KIKAO CHA UKOO CHA JUMAMOSI

Mpendwa Dokta,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umekaa, maana naona nyinyi watu wa hospitali mnasimama mno. Mimi ni yule mzee wa miaka hamsini na tatu uliyempima mwezi wa tano. Ulinisalimia shikamoo kwa adabu, nikakuitikia marahaba kwa moyo mweupe, na papo hapo ukaniamuru nivue shati. Nadhani umenikumbuka. Utepe wako wa kupimia kiuno haukufika, ikabidi ukaazime wa fundi cherehani wa jirani.

Siandiki kwa hasira, kwa kuwa hasira nayo ulinikataza. Uliniagiza mambo mawili: nitembee nje nusu saa kila siku, na nibadilishe chakula. Nimetii yote mawili, na hilo ndilo lalamiko langu. Wagonjwa wengine nasikia wanakudanganya, wanakula nguruwe wa kiti moto njiani wakitoka kwako, na maisha yao yanaendelea vizuri. Mimi niliyetii naomba uone yaliyonipata.

1. Kutembea. Hapa mjini mwanaume mwenye gari hatembei kwa miguu isipokuwa anamsindikiza mgeni. Siku ya kwanza nilipotoka Kaloleni kushika njia ya Sanawari, kila mtu anayenifahamu alisimamisha gari anipe lifti. Nikawaambia natembea tu. Wakauliza nakwenda wapi. Nikasema siendi popote. Jibu hilo, Dokta, halieleweki kwa mtu yeyote wa Arusha, kwa sababu mtu akitoka nyumbani kwake anakuwa anakwenda. Dereva mmoja wa bodaboda aliniambia kwa huruma, "Mzee Sifa, panda nikusogeze, utanipa siku ukijaliwa." Wiki ya pili mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba pikapu yangu imekamatwa na benki. Pikapu iko uani kwangu, na mke wangu Ndeshi anaanikia mashuka juu yake. Siku hizi natembea na dumu tupu mkononi. Mtu akiniona na dumu anaridhika kabisa, wala haulizi ni la nini.

Nakiri kwamba huko njiani nimeuona mlima. Miaka yote hii nilikuwa nafungua duka nikiupa mgongo. Asubuhi kukiwa kweupe unaonekana mpaka juu, na siku moja nilisimama kuutazama hadi mama mmoja akaniuliza kama nimepotea.

2. Chakula. Ile karatasi yako Ndeshi ameibandika mlangoni mwa kabati la vyombo, mahali ilipokuwa picha ya harusi yetu. Asubuhi napewa nusu parachichi na chai isiyo na sukari. Mchana maharage na mboga ya mnavu. Jioni mnavu, na maharage yaliyobaki. Sina ugomvi na mnavu, nimekua nao. Baba yangu, marehemu mzee Aminieli, alitembea kwa miguu maisha yake yote kutoka kihambani kwetu Poli, kwenye shamba la nyumbani, hadi shambani Kikwe na kurudi, akila mnavu, maharage na loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando. Alivuja jasho akanisomesha ili mimi nisiishi hivyo. Nikafanikiwa, nikawa na gari, nikawa na friji yenye soda. Leo wewe, binti msomi, umenirudisha palepale alipohangaika kunitoa.

Tena kuna Mama Tabitha, jirani yangu wa maandazi. Nilipoyakataa maandazi yake aliniuliza amenikosea nini. Nikasema ni amri ya daktari. Akasema huyo daktari hamfahamu, kwa hiyo yeye hawezi kuwa amemkosea, na kwamba mwenye jambo moyoni ni mimi. Hajanisalimia vizuri tangu hapo.

3. Biashara. Mteja wa godoro haamini maneno. Zamani nilikuwa namkalia godoro mbele yake, taratibu, kwa uzito wote, halafu nainuka na godoro linainuka pamoja nami. Mteja anaona, anaagiza mkokoteni. Sasa nikikaa, godoro halina habari. Juzi bwana mmoja kutoka Monduli alinitazama nikikalia la inchi kumi, akasema, "Samahani mzee, hakuna mtu mwingine hapa dukani?"

4. Kanisa. Mwinjilisti wetu alisoma majina ya wagonjwa wa kuombewa, na jina langu likaja baada ya bibi aliyevunjika nyonga. Nilikuwa kwaya, upande wa besi, nimesimama. Watu waligeuka wakanitazama kwa upole, na waliokuwa karibu nami wakanishika bega ili nisichoke. Jumuiya wakaja nyumbani siku iliyofuata na ndoo ya mtori wa ndizi. Niliukataa, wakaandika kwenye daftari lao kwamba mgonjwa sasa hali chakula.

5. Ukoo. Hapa ndipo penye maumivu, Dokta, na naomba usome polepole.

Kwetu, mbuzi akichinjwa nyumbani Poli, kidari hupewa mkubwa wa nyumba. Anakata kipande cha kwanza, chenye mafuta, anakila watu wote wakimtazama, ndipo wengine wanaanza. Mwenye kidari ndiye mwenye neno la mwisho katika mashamba, mahari na ugomvi. Na kidari hakikataliwi. Mtu hukisogeza kwa mkono wake kwa mwingine mara moja tu maishani, pale anapojijua kwamba anaondoka duniani. Baba alikisogeza kwa kaka yetu Oscar, na mwezi haukuisha tukamzika. Oscar yeye hakukisogeza hata siku moja. Alikila kila kilipoletwa, tukamzika ana miaka hamsini na mbili, mnene, anang'aa, na kila aliyepita mbele ya jeneza alisema jamani huyu alikuwa amependeza. Ndipo kikanifikia mimi.

Mwezi uliopita binti wa mdogo wangu Rodrick alipata kipaimara. Sahani ya kidari ikaletwa mbele yangu, mafuta yanachuruzika. Nikakumbuka ulivyoninyooshea kidole. Nikasema ngoja nianze na kachumbari, nikaisogeza sahani pembeni ili bakuli lipate nafasi. Pembeni alikuwa amekaa Rodrick.

Wanawake waliokuwa wanapakua waliweka miiko chini. Baba mdogo Dismasi akavua kofia. Shangazi Irine akaanza kulia, tena kwa ile sauti ya msibani. Rodrick, machozi yakimlengalenga, akaipokea sahani kwa mikono miwili. Nikasimama kueleza habari ya mafuta kwenye mishipa. Nilieleza vizuri kabisa, kama ulivyonieleza wewe, hata mchoro wa mshipa nikauchora hewani. Shangazi Irine akawaambia watu, "Mwacheni aseme yote, asije akaondoka na neno moyoni."

Tangu siku hiyo ukoo unaniaga. Ndugu wanapita dukani bila shida yoyote, wanakaa, wananitazama, wanaondoka wakifuta macho. Baba mdogo Dismasi alinipeleka kihambani akanitaka nichague upande, kwenye migomba au kwenye mibuni. Nilisema kwenye migomba, kwa heshima tu ya kumjibu mzee, kumbe nimejichagulia kaburi. Jumamosi hii kuna kikao cha kumkabidhi Rodrick ukubwa rasmi. Mimi si mtu wa madaraka. Lakini nikiingia mahali sasa watu wanapunguza sauti, na mambo ya shamba wanaamua bila kuniuliza, nami nipo, nimekaa, nasikia. Inaniuma sana, Dokta, na hiyo ndiyo sababu ya barua hii.

Sasa tuje kwenye haki. Huku kwetu mlimani, ukitaka kukata mti mmoja, hata ulioupanda mwenyewe, unaomba kibali. Kitambi changu kilikuwa na umri wa miaka ishirini, nacho kimeondolewa bila hata barua ya mwenyekiti wa mtaa. Wala hakikuwa mali yangu peke yangu. Kilijengwa kwa mbuzi wa ukoo, kwa maandazi ya Mama Tabitha, kwa sherehe za kila mtoto aliyebatizwa kati ya Kaloleni na Usa River. Watu hao wote wana hisa ndani yake, na hakuna aliyeitwa kuulizwa. Sikatai kwamba sasa nalala usiku mzima, magoti yameacha kuniuma, na presha wewe mwenyewe umeiona ilivyoshuka. Lakini hayo ni mambo ya ndani ya mwili, nani atayaona? Heshima ya mtu inakaa nje, mbele yake, inamtangulia mlangoni.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Unirudishie kitambi changu kabla ya Jumamosi. Sidai chote. Kiasi cha kuonekana chini ya koti kinatosha.

(b) Kama hakipatikani kwa haraka, uniandikie cheti chenye mhuri kwamba kitambi kipo, kimehifadhiwa kliniki, na mwenyewe anaweza kukichukua wakati wowote.

(c) Kama cheti ni kinyume cha taratibu za kazi yako, utazame uwezekano wa kunihamishia sehemu ya kile cha Rodrick. Anacho cha kuwatosha watu wawili.

(d) Kama hayo yote yatashindikana, uje mwenyewe kwenye kikao uwaeleze wazee kwamba sifi. Uje na koti jeupe. Mimi hawaniamini.

Wasalimie wauguzi wote, hasa yule anayepima uzito bila kutaja namba kwa sauti. Msalimie mlinzi wa getini, na fundi cherehani. Ndeshi anakusalimu sana, ingawa katika shauri hili yuko upande wako na ameniambia nikuandikie hivyo.

Wako anayezidi kupungua,

Sifael Nanyaro

NB: Dokta, barua hii nilitaka kuileta kwa mkono siku ya Ijumaa, mvua ikanizuia. Leo ni Jumatatu, na yapo ya kuongeza.

Jumamosi tulikwenda kwenye kikao. Mvua ilikuwa imekata barabara ya juu, magari yakaachwa chini kwenye lami, na ukoo mzima ukapanda Poli kwa miguu. Mimi nilifika mapema, nikakaa kwenye kiti nikiwasubiri waje kunivua ukubwa. Nikasubiri sana. Hakuna aliyetokea. Nikashuka kuwatafuta.

Nilimkuta Rodrick amekaa kwenye jiwe kando ya njia. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu, jasho linamtoka kwenye baridi ile, mkono ameubana kifuani. Wazee walikuwa wamemzunguka, wenye heshima zao mbele, wote wanahema, hakuna hata mmoja mwenye pumzi ya kuita mtu. Simu hazikushika mtandao. Rodrick alinitazama akataka kusema jina langu, likakwama.

Niliogopa, Dokta. Huyu ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni akiwa mtoto. Nilikimbia. Nilishuka mteremko wote ule kwenye tope mpaka kwenye lami, nikapata wanaume waliokuwa wanapakia ndizi, tukachukua kitanda cha kamba kwenye nyumba ya kwanza, nikapanda nao tena bila kusimama, na wakati wa kumshusha mguu mmoja wa kitanda niliushika mimi. Hospitalini daktari wa zamu alisema tumemwahisha, na kwamba tungechelewa kidogo tu angekuwa anatuambia maneno mengine. Amelazwa. Anasema chakula cha wodini hakina chumvi na mto wake ni mwembamba, kwa hiyo tunajua ni yeye.

Maombi (a) mpaka (d) yachane yote. Kama kitambi changu kimeshapatikana mahali, tafadhali kitupe. Badala yake naomba umwekee Rodrick miadi atakapotoka. Atakuja amenuna na atakuita binti, umvumilie.

Kikao kimeahirishwa, hakuna aliyekumbuka kunivua kitu. Asubuhi ya leo baba mdogo Dismasi alikuja dukani. Hakutaka kukaa. Alizunguka magodoro, akabonyeza mawili matatu kwa kidole, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini raba zangu za kutembelea nilinunua wapi. Nikafunga duka nikampeleka sokoni Kilombero. Tumekwenda kwa miguu. Alipumzika mara nyingi njiani, nami kila aliposimama nilisimama nikamsubiri.