Gari Inayochemsha na Arusi ya Noof

Jumapili, 11 Januari 2026
Imewaka! Gari yangu ya mwaka 1926, taa za shaba, honi kama bata aliyekanyagwa. Binti yangu Noof anaolewa Ijumaa. Kakubali nimpeleke nayo ukumbini, mradi isichemshe njiani. Ikiendelea kuchemsha mpaka Alhamisi, atapanda gari ya kale ya mjomba wake Jaifar. Shemeji yangu huyo! Bora niende kwa miguu.

Jumatatu, 12 Januari
Jaribio la kwanza, kutoka kwetu Sib. Tulipofika Al Khuwair, mbele ya wizara niliyostaafia, rejeta ikafoka kama birika. Mvuke kila pahala! Mkurugenzi wangu wa zamani akateremsha kioo, akauliza kama nnapika. Aibu.

Jumanne, 13 Januari
Jaifar kaja bila kualikwa. Anasema kosa ni kijiti cha pembeni ya usukani, kinachopanga wakati wa cheche za plagi. Nnakiacha juu, cheche zinachelewa, injini inajipika yenyewe. Nikiteremshe, khalas, yamekwisha. Husuda tupu! Kijiti kikiwa juu injini inanguruma kiungwana. Kikishuka inabwata. Kosa ni maji ya bomba, mazito. Nimeyabadilisha. Imechemsha tena. Noof kanitazama kwa huruma. Imeniuma.

Jumatano, 14 Januari
Nimepata dawa! Marashi mawaridi. Yanatuliza kichwa cha mtu, yashindwe na injini? Nimemimina ndani ya rejeta chupa zote alizowawekea wageni mke wangu Kheiria. Kisha nikamwalika matembezi, kupanda mlima wa Wadi Kabir. Mkoba wake mzito akautundika kwenye kijiti. Kijiti kikashuka hadi chini! Nilitaka kumkaripia, nikakumbuka zile chupa. Nikatia gia. Tukapanda. Injini inabwata, lakini mvuke hata kidogo! Mafundi wa magereji wakatoka kututazama. Kheiria akanusa nusa. "Baba Noof, mbona gari yako inanukia arusi?" Nikamwambia ni dalili ya heri.

Ijumaa, 16 Januari
Tumefika ukumbini salama! Kheiria mbele, mkoba palepale kwenye kijiti, maana anasema chini kuna vumbi. Noof alishuka akanibusu kichwani. Nililia. Nikasingizia jua. Wageni wamekosa marashi, Kheiria anawashuku wahudumu.

Jaifar akanikumbatia. "Alhamdulillah, shemeji, umekiteremsha kijiti." Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Maskini! Nikamvuta pembeni, nikamfichulia siri ya marashi. Akanikodolea macho. Kazidiwa na elimu.

Kesho nnakirudisha kijiti juu, mahali pake, nnajaza marashi mapya, nnawapandisha maharusi hadi juu ya mlima mrefu wa Jabal Akhdar. Jaifar kang'ang'ania kutufuata nyuma na madumu ya maji. Mwache aje, ajifunze.