Nanga Haibembelezwi

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nanga imegoma. Nanga yangu mwenyewe! Niliitupa kwa mkono huu kabla ya mvua, leo inanikataa kama hainijui.

Naandika haya ili watu wasije wakayapindisha. Shule niliishia darasa la pili. Si ujinga. Mwalimu wa darasa la tatu aliniogopa.

Safari ni Jumamosi. Binti yetu kitindamimba kajifungua ng'ambo ya ghuba, mtoto wa kike, na mama watoto hajamtia machoni. Nimeapa mbele ya watu kwamba nitamvusha mimi, kwa mashua yangu, kwa tanga langu. Basi leo nikaenda kuijaribu mashua. Nikashika kamba, nikavuta. Mgongo ukalia kwach! Nanga kimya.

Na nani awe yuko pale gatini? Shemeji! Kaka wa mama watoto, fundi saa mstaafu, mikono laini kama sabuni iliyolowa. Mashua yake ina mashine ya umeme. Anabonyeza kitufe, nanga inapanda yenyewe kama paka aliyesikia sahani. Ndiyo maana namwita Kitufe. Akabonyeza makusudi, mimi nimeshika kiuno. Kisha akaniamkia kwa adabu zote, eti shikamoo, Nahodha wa Palepale. Gati zima likacheka. Mshenzi!

Mama watoto kanichua kwa mafuta. Akasema Jumamosi anakwenda kumwona mjukuu wake, kwa tanga, kwa kitufe, au kwa kuogelea. Nikamwambia akipanda mashua ya kaka yake, ndevu hizi nanyoa. Akasema wembe uko dirishani.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Chuma kwa chuma. Nimemwendea fundi wa kuchomelea, nikamwagiza winchi ya mkono. Akaiunda kwa roda kuukuu ya kisima na mpini mrefu. Kazi safi. Ila mdomo! Eti mzee wangu, ubao wa mbele umeoza. Nikamfokea. Ubao wangu haukuoza, umekomaa. Kama mimi.

Tukaifunga kwa bolti. Nikazungusha. Kamba ikakaza, ikalia kama mlango wa jela. Pua ya mashua ikainama mpaka ikalamba maji. Vizuri, nikasema, kitu kinakuja. Nikazungusha tena.

Paa!

Kilichokuja ni ubao. Winchi ikaruka na bolti zake, ikapita karibu na sikio langu, ikazama chubwi pale pale ilipo nanga. Sasa ziko mbili huko chini.

Fundi akasema si alinionya. Nachukia mtu wa si nilikuonya! Bolti zake zilikuwa ndefu mno, hilo ndilo kosa, na halikuwa langu.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Leo nimetumia akili. Wenye mashua kubwa, nasikia, wanafunga boya kwenye kamba ya nanga, kisha wanaiendesha mashua mbele kwa nguvu. Boya linabaki nyuma, linasukumwa chini, linaibua nanga lenyewe. Mtu hatoki jasho.

Boya sina. Nikachukua dumu la maji la mama watoto, lile kubwa la jikoni. Nikalifunga kwenye kamba ya nanga kwa pete ya chuma. Nikapandisha tanga. Upepo ukajaa, mashua ikatoka mbio, nikapiga kelele Kitufe anisikie.

Ikafika mwisho wa kamba, ikageuka. Ikatoka mbio upande mwingine. Ikageuka. Tukazunguka asubuhi nzima kama mbuzi kwenye kigingi. Kitufe kakaa gatini na kikombe chake anauliza kwa sauti, eti shemeji, hiyo ni ng'ambo ya ngapi?

Na dumu? Limezama. Kifuniko kilikuwa jikoni, juu ya kabati. Ningejuaje? Mwenye dumu ni yeye, angeniambia!

Maji ya kuoga leo nimeletewa kwenye sufuria ndogo.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Mama watoto kaanza kunifundisha mashua. Mimi! Eti niache kuvuta kwa hasira. Eti nisogee juu ya nanga mpaka kamba isimame wima, niifunge fupi, halafu nibadilishe uzito, mashua yenyewe itaibembeleza. Kaona wapi? Eti ndivyo baba yake alivyofanya.

Nikamjibu kwamba wenye lugha hawakuwa wajinga. Jino hung'olewa. Msumari hung'olewa. Nanga hung'olewa. Nani umemsikia akisema twendeni tukabembeleze nanga? Akasema jino langu la mwisho lilitoka na kipande cha ufizi. Mwanamke huyu hasahau.

Lakini nina mpango. Mkubwa. Kitufe ana mashine, sivyo? Basi mashine yake ifanye kazi yangu! Mashua zetu zinalala jirani. Wakati amekwenda kula, nimeifunga kamba yangu kwenye mnyororo wake, chini kidogo ya maji, isionekane. Akibonyeza tu, nanga yake na yangu zote juu. Asijue kama amenitumikia. Nitamshukuru moyoni.

Nimecheka peke yangu mpaka mgongo ukauma.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Akabonyeza. Mashine ikanguruma. Ikanguruma zaidi. Ikapiga mluzi, ikatoa moshi, ikafa. Mnyororo ukakatika, ukaangukia kulekule chini.

Kitufe kaivuta kamba, akaona fundo langu. Kalijua mara moja, maana hakuna anayefunga fundo zuri kama mimi. Kaja mpaka mlangoni kwangu, saa mkononi. Akasema mimi si shemeji, mimi ni mchwa. Nikamwambia mashine ya mwanamume haifi kwa kazi ya siku moja. Akatukana nyanya yangu. Nikatukana yake. Ikawa hivyo mpaka majirani wakatoa viti.

Sasa hakuna mashua hata moja yenye kwenda, yangu imekwama, yake haina nanga. Mama watoto alikuwa anapanga nguo za mtoto kwenye mkoba, vile visoksi alivyofuma, na alipotusikia akavipanga upya, kimoja kimoja, polepole. Heri angenitukana.

Binti akapiga simu. Kauliza kama baba anakuja au haji, maana mtoto kachukua masikio yangu. Masikio yangu! Nikajifanya nimelala. Sikulala.

Na ukitaka kujua, kosa ni la Kitufe. Mashine ya bei ile ingeinua hata gati.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Alfajiri mama watoto kaingia kwenye mashua yangu na mkoba. Akamwita kaka yake naye apande. Nikasema humu haingii. Akasema tezi na omo, marejeo ni ngamani, na leo ngama ni moja, ya mashua hii. Kitufe akapanda, nikampisha.

Akatusimamisha mbele kabisa, mimi na Kitufe, matumbo yakigusana. Mashua ikainama. Akavuta kamba iliyolegea mpaka ikasimama wima, akaizungusha kwenye gogo la kufungia kamba, akafunga fupi. Kisha akasema, nyinyi wawili mlivyo mizigo, haya, nendeni mkakae nyuma.

Tukaenda. Nyuma ikazama, mbele ikapanda. Kamba ikakakamaa, ikatetemeka. Halafu chini huko kitu kikasema mmh, kama mtu anayeamshwa. Ikaachia!

Tukavuta sote watatu. Ikaja nanga. Na winchi imeng'ang'ania nanga. Na dumu limejaa tope. Na mnyororo wa Kitufe umevizunguka vyote kama ndoa.

Nimeing'oa! Naandika wazi, mzigo mkubwa kule nyuma nilikuwa mimi. Kitufe ni mwepesi, hana mchango.

Njiani nikaifungua kamba kwenye gogo ili niikunje vizuri, kibaharia. Mama watoto akasema niirudishe. Nikasema najua.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Nimemshika mjukuu. Wa kwanza mimi, Kitufe baadaye, iandikwe hivyo. Masikio ni yangu kabisa. Kanishika ndevu akavuta kwa nguvu zote, na hakuachia. Huyo ndiye damu yangu! Mama watoto kacheka mpaka kajifuta macho. Kwa muda fulani sikuwa na hasira na mtu.

Sasa yule Kitufe anamsimulia kila mgeni jinsi tulivyofika jana. Uongo mtupu. Nilitupa nanga vizuri sana, mbali, kiume. Kwamba mkia wa kamba nao ulipita mbele yangu ukaifuata majini kama panya anayeingia shimoni, hilo ni jambo la kamba. Vijana wa hapa wakatuvuta ufukweni, mashua ikafungwa kwenye mti.

Nimempigia simu fundi wa kuchomelea. Nimemwagiza nanga mpya, uzito mara mbili, ile ya zamani ilikuwa nyepesi, ndiyo maana ikapotea. Akauliza kwa upole, mzee wangu, hiyo utaing'oaje?

Mjinga huyu! Kwa mikono.